Vijana, mnahama shimo kabla ya mwamba!

Ndugu msomaji, nenda stendi ya Kahama asubuhi yoyote, kaa pembeni, agiza chai na chapati, kisha tazama. Utamwona kijana wa miaka 23, begi mgongoni, matope makavu kwenye buti, anatafuta gari la kwenda Katoro. Muulize ametoka wapi. Atakuambia machimboni. Muulize shimo lake lilikuwa limefika wapi. Atakuambia futi 60. Muulize walibakiza kiasi gani kuufikia mwamba. Hapo atanyamaza, maana hajui. Anachojua ni kwamba jana usiku rafiki yake alimpigia simu akamwambia kuna mahali kumelipuka, watu wanaokota.

Tuseme ukweli bila kumung'unya maneno. Kijana huyo si mvivu. Amepiga sururu na nyundo miezi minne, gizani, kwenye joto na vumbi. Mvivu hamalizi hata siku mbili kwenye kazi hiyo. Lakini leo anaondoka mikono mitupu, na miezi minne ijayo utamkuta tena stendi hii hii, begi lile lile, anaelekea upande mwingine. Siku moja atashtuka ana miaka 35, ana watoto wawili kwa mama yake kijijini, na hana hata bati moja analoweza kuliita lake.

Wiki hii tunataka kuzungumza na wewe jambo moja tu: namna ya kubaki na moyo katika kazi ambayo matunda yake yako mbali. Usitupe gazeti ukidhani tunakuja kukuhubiria. Mahubiri ya "vijana jitumeni" mmekwisha kuyasikia ya kutosha kutoka kwa vigogo wanaofika mikutanoni kwa mashangingi na kuondoka kabla vumbi halijatulia. Sisi tunataka tupige hesabu pamoja.

UMEFANYA KAZI KWA UGALI

Kwenye maduara mengi ya Shinyanga na Geita mchimbaji halipwi mshahara. Mwenye duara anatoa chakula na vifaa, wachimbaji wanatoa nguvu, na malipo ni mgawo wa mawe yenye dhahabu siku yatakapopatikana. Miezi yote ile ya kushuka kwenye udongo na jiwe lisilo na kitu, hakuna anayepata senti. Sasa jiulize: anayeondoka kabla ya mgawo amelipwa nini? Amelipwa ugali na maharage. Atakayeingia kwenye nafasi yake wiki ya mwisho ndiye atakayebeba mifuko ya mawe, na jasho lililoifikia mifuko hiyo si lake.

Na huko anakokimbilia? Rashi ina desturi yake, na kila mchimbaji mzoefu anaijua. Wanaoona kwanza ni wachache. Habari ikifika kijiweni Nyasubi, Kahama, au Ngokolo pale Shinyanga mjini, maeneo yamekwisha kugawanywa, wenye fedha wamekwisha kujikatia vipande, ndoo ya maji imepanda bei na sahani ya wali imepanda zaidi. Wewe unafika kuanza upya, futi sifuri, kwenye shimo la mtu mwingine.

Jumlisha. Kijana aliyeacha mashimo matano, kila moja likiwa na futi 60, amechimba futi 300. Futi mia tatu! Lakini hana shimo hata moja lililofika futi 100. Nguvu alikuwa nazo. Alizitawanya.

Wewe unayesoma haya ukiwa mjini na hujawahi kushika sururu, usicheke. Kuna mwenzako alichukua bodaboda ya mkataba. Alipeleka hesabu kila siku, mvua na jua, kwa miezi tisa. Ikabaki mitano pikipiki iwe yake. Wakagombana na tajiri kwa neno dogo, akarusha ufunguo mezani akaondoka kifua mbele. Pikipiki ni ya nani leo? Ni ya tajiri, na miezi tisa ya maisha ya kijana imo ndani yake. Kuna aliyeanza ufundi wa umeme akauacha katikati kwa sababu rafiki yake alimwambia kwenye mpunga ndiko kuna fedha. Halafu kuna rashi nyingine imo mfukoni mwako, kwenye simu, kila Jumamosi unapokaa kijiweni kupanga mkeka wa mechi kumi na mbili. Ile nayo ni futi sifuri kila wiki.

BABA YAKO HAKUNG'OA PAMBA FEBRUARI

Wengi husema vijana wa leo hawana uvumilivu. Sisi hatukubali. Tatizo liko kwingine, na jibu lake limo nyumbani kwenu.

Kama umezaliwa Usukumani umewahi kuona pamba. Inapandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Inapaliliwa, inapigwa dawa, inapaliliwa tena. Kuchuma ni hadi katikati ya mwaka unaofuata, na baada ya hapo kuna kusubiri fedha ya mnunuzi, ambayo nayo ina mambo yake. Ni miezi kama saba ya jasho bila senti. Lakini je, umewahi kumwona mzee aking'oa pamba yake Februari kwa sababu haijafungua? Hujamwona. Angefanya hivyo kijiji kizima kingesema amelogwa.

Mzee yule si malaika wa subira. Anachowazidi vijana ni kwamba anajua yuko wapi. Kila hatua ya pamba ina jina. Hii palizi ya kwanza, hii ya pili, sasa maua, sasa vitumba, sasa inafungua. Jioni anatembea shambani, anaona kwa macho yake kwamba wiki hii si kama wiki iliyopita. Moyo wake unakula hicho anachokiona.

Shimoni hakuna anachokiona mtu. Jana giza, leo giza. Ukiuliza unaambiwa "bado". Ndiyo maana simu moja ya usiku inatosha kukuhamisha. Mtu akijua amebakiza mwendo gani anaweza kutembea hata na malengelenge. Asipojua, anakaa chini hata kama nyumba iko nyuma ya kichaka.

Basi dawa ya kwanza ni hii: yape majina yale unayoyapitia. Kama uko machimboni, nunua daftari la shilingi chache na funga mafundo kwenye kamba. Kila Jumamosi andika: tumeshuka futi ngapi wiki hii, tumekuta jiwe la namna gani, nani alishuka, nani hakushuka, tunadaiwa nini na nani. Kama uko kwenye bodaboda, chora miezi yote ya mkataba ukutani, ufute mmoja kila unapokwisha. Kama unasoma ufundi, andika kila kazi unayoweza kuifanya leo ambayo mwezi uliopita ulikuwa huiwezi.

Dawa ya pili inafuata hapo hapo. Jiwekee lengo lililo mikononi mwako. Kupata dhahabu hakumo mikononi mwako. Dhahabu ilikaa ilipokaa kabla babu yako hajazaliwa. Futi tano za wiki hii zimo mikononi mwako. Kupata abiria mia hakumo mikononi mwako. Kuamka saa kumi na moja na pikipiki iliyosafishwa kumo. Mtu anayejipima kwa bahati atakufa moyo mara mia kwa mwaka. Anayejipima kwa kazi aliyoimaliza ana kitu cha kujivunia kila Jumamosi.

MZUNGU WA MWADUI

Mkoa wetu una hadithi moja ambayo husimuliwa vibaya. Husemwa kwamba Dk. John Williamson, Mkanada, alijikwaa tu kwenye almasi pale Mwadui mwaka 1940 akawa tajiri. Ndivyo tunavyopenda hadithi za utajiri: mtu analala maskini, anaamka tajiri.

Haikuwa hivyo. Williamson alikuwa msomi wa miamba. Alikuwa amefanya kazi ya kutafuta almasi huku kwetu kwa miaka kadhaa, na kampuni aliyokuwa nayo ilipokata tamaa na machimbo ya Mabuki, yeye alibaki akayachukua. Akaendelea kutafuta chanzo cha almasi, kipande kwa kipande cha nchi, akichukua kokoto, akizipima, akihama pale tu vipimo vilipomwambia ahame. Mahali palipokuwa patupu palimwonyesha upande wa kutokwenda tena. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na yule wa stendi ya Kahama. Wote wawili walihamahama, ila mmoja alihama na daftari na mwingine anahama na tetesi. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi iliyokwenda kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth.

Lakini tusidanganyane. Williamson alikuwa na vitu ambavyo mchimbaji wa Kisukuma wa siku zile hakuwa navyo: elimu ya chuo kikuu, haki ya kuchimba iliyoandikwa kwa jina lake, na mamia ya mikono ya wenyeji ambao majina yao leo hatuyasikii. Ukimsifu kwa uvumilivu, taja na hayo. Moyo wa mtu hukaa vizuri zaidi pale anapojua kwamba shimo analochimba hakuna wa kuja kumfukuza.

BIDII BILA KARATASI

Hapo ndipo tunapofika Bulyanhulu. Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa pale kupisha kampuni ya kigeni, na mwaka 2001 ukafunguliwa mgodi mkubwa. Mengi yamesemwa na kubishaniwa kuhusu yaliyotokea siku zile, na hatuyamalizi leo. Lakini jambo moja halina ubishi: watu wale hawakukosa bidii. Walikuwa wamechimba, wamejenga, wamefungua maduka, wameleta wake na watoto. Asubuhi moja wakaambiwa ondokeni.

Kwa hiyo kigogo akikuambia kwamba umaskini wako unatokana na uvivu, muulize kuhusu Bulyanhulu. Na wewe mwenyewe jifunze: lengo la muda mrefu linalosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine ni lengo la mtu mwingine.

Sheria ya madini inatoa leseni ndogo ya uchimbaji ambayo ni ya Mtanzania, hudumu miaka saba na inaweza kuhuishwa. Miaka saba! Huo ni muda wa kutosha kwa kijana kupanga jambo. Vijana kumi waliofahamiana, wakaweka fedha kidogo kila wiki, wakaomba leseni kwa jina la kikundi, wamefanya jambo ambalo mashimo matano ya kuhamahama hayawezi kulifanya. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, la kwanza la aina yake nchini, ambako mchimbaji anapimiwa na kupewa karatasi. Itunze karatasi hiyo. Ni ushahidi kwamba wewe ni mchimbaji na si mpita njia, na siku ukienda kuomba mkopo unakuwa na cha kuweka mezani.

Nasi hatutaacha kuuliza upande wa pili. Ramani na taarifa za miamba ziko Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Kwa nini vijana wengi wa Nyarugusu na Rwamagasa bado wanachimba kwa kubahatisha? Anayetaka vijana wavumilie awape kwanza sababu ya kuvumilia.

MIAKA 19 KUTOKA TATU HADI SITA

Kuna anayesema, "Hayo ya madai hayafiki popote, wakubwa ni wakubwa." Ndugu yangu, hebu tazama Buzwagi, hapo hapo Kahama.

Sheria ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3. Walalahoi walipiga kelele, wakaonekana wanachochea. Agosti 2007 Bw. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa upinzani wa Kigoma Kaskazini, alisimama bungeni kutaka mkataba wa Buzwagi uchunguzwe. Akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Wengi walidhani mchezo umekwisha. Lakini Novemba mwaka huo huo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo huyo huyo aliyetolewa nje. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya, mrabaha ukawa asilimia 4. Mwaka 2017 sheria ikarekebishwa tena, ukafika asilimia 6.

Kutoka tatu hadi sita ni miaka 19. Kijana aliyezaliwa sheria ya kwanza ilipopita alikuwa amemaliza sekondari. Na hakuna mtu mmoja aliyeivuta kazi hiyo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho: walikuwamo wanasheria, waandishi, wabunge, wanavijiji waliokaa juani kwenye mikutano, na mwishowe wakawamo hata baadhi ya wale waliokuwa wakizomea. Mmoja alipochoka mwingine alishika. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo kubwa linataka mashoka zaidi ya moja.

SIKU 41

Hiyo ndiyo dawa ya tatu: usilibebe lengo refu peke yako. Hakuna mahali jambo hili limeonekana kwa uchungu kama Nyangarata, wilayani Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo lilititia. Wachimbaji sita wakabaki chini. Juu, watu walikata tamaa. Tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watano walitolewa wakiwa hai baada ya sauti zao kusikika. Walikuwa wameishi kwa mizizi, vyura, wadudu na maji ya matone. Mwenzao wa sita alifia humo humo, mbele yao.

Hatuisimulii habari hii ili uone mateso kuwa mazuri. Tunaisimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza: walikuwa watano. Jiulize mtu mmoja peke yake kwenye giza lile angefika siku ya ngapi. Tafuta wenzako wawili watatu wanaolijua lengo lako kwa jina, wanaoweza kukuuliza Jumamosi, "Vipi, umefika wapi?" na ukaona aibu kuwadanganya.

Ya pili ni kubwa zaidi, na tunaomba uisome mara mbili. Watu wale hawakutakiwa kuwa chini ya udongo siku 41. Uvumilivu haumaanishi kung'ang'ania shimo bovu. Shimo lisilo na matimba ya kutosha, ondoka. Shimo linalojaa maji na mwenyewe hataki kuleta pampu, ondoka. Mwenye duara asiyetaka makubaliano ya mgawo yaandikwe mbele ya mashahidi, ondoka, tena leo. Tajiri wa bodaboda anayebadilisha mkataba kila mwezi, mrudishie pikipiki yake, lakini ondoka na karatasi ya kile ulicholipa.

Utajuaje basi kama unaondoka kwa busara au kwa pupa? Fungua daftari. Kama sababu ya kuondoka imo humo, imeandikwa wiki baada ya wiki, maji yameongezeka, jiwe halijabadilika, ahadi tatu zimevunjwa, hiyo ni busara. Kama daftari linaonyesha kazi inakwenda na sababu pekee ni simu ya jana usiku, basi hiyo ni rashi. Zima simu ulale, uamue asubuhi ukiwa umekwisha kula.

JUMAMOSI HII

Sisi wa gazeti hili hatuna dhahabu ya kukupa. Wala hatukuahidi kwamba ukivumilia lazima utapata; kuna waliochimba kwa akili, kwa leseni, kwa umoja, na mwamba ukawanyima. Anayekuahidi utajiri wa hakika anakupiga changa la macho, awe mganga, awe mwanasiasa. Tunachokuambia ni kwamba yule aliyeshuka futi 300 kwenye shimo moja na kuandika kila futi, hata akikosa, anatoka na kitu: anaijua miamba, ana wenzake, ana jina la mtu asiyekimbia, na mwenye duara wa pili atamtafuta yeye kwanza.

Jumamosi hii, kabla ya kupanga mkeka, kabla ya kijiwe, chukua kalamu. Andika kitu kimoja unachokitaka ifikapo miaka mitano kutoka leo. Chini yake andika umefika wapi. Chini yake andika kazi moja ya wiki ijayo ambayo haimtegemei mtu mwingine yeyote. Halafu mwonyeshe rafiki yako mmoja, na umwombe naye aandike ya kwake.

Na usiku simu ikiita kwamba kuna mahali kumelipuka, muulize mpigaji swali moja tu: "Na wewe shimo lako la mwezi uliopita lilifika futi ngapi?"